Putney Swope: tunayoyakosea kuhusu filamu inayowacheka watu wa matangazo

Kwa watu wa video hapa Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Kijenge, tangazo ndilo linalolipa pango la ofisi. Filamu yako unaishuti wikendi, hela ikipatikana. Tangazo la duka la simu au la kampuni ya utalii ndilo linalokuweka mjini. Ndiyo maana naipenda sana Putney Swope, kichekesho cha mwaka 1969 kuhusu kampuni ya matangazo ya New York, na ndiyo maana inaniuma nikisikia vijana wa fani hii wakiisimulia ndivyo sivyo.

“Ni filamu ya yule jamaa wa Iron Man.”
Ni ya baba yake. Aliyeiandika na kuiongoza ni Robert Downey mkubwa, aliyefariki Julai 2021. Mwanawe, Robert Downey mdogo, ndiye wa Iron Man; alizaliwa Aprili 1965, kwa hiyo filamu ilipotoka alikuwa na miaka minne.

“Nakala ni mbovu, sauti haiendani na mdomo.”
Dhana hii naielewa ilikotoka. Wengi wetu tulikulia vibanda umiza, ambako juu ya sauti ya mwigizaji kulikuwa na sauti ya mtu mwingine akitutafsiria. Tukisikia sauti isiyokaa sawa, tunamlaumu aliyerekodi CD. Hapa hakuna aliyeharibu kitu. Arnold Johnson, aliyecheza Swope, mhusika mkuu, alipata shida kukariri maneno yake, basi mwongozaji akaingia studio na kumwekea sauti yake mwenyewe, nzito na ya kukwaruza.

Jambo hili si dogo. Swope ni mtu mweusi. Downey alikuwa mzungu. Shujaa mweusi wa filamu inayocheka ubaguzi anasema kwa sauti ya mzungu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwangu hilo ni doa, hata kama lilitokana na shida ya kazi na si nia mbaya, na anayetaka kuijadili filamu hii kwa haki hawezi kulikwepa.

“Haina rangi kwa sababu ni ya zamani.”
Mwaka 1969 Marekani ilikuwa na filamu za rangi tele. Itazame tena: hadithi yenyewe ni nyeusi na nyeupe, lakini matangazo yaliyo ndani yake yana rangi. Ofisini, penye majungu na woga, hakuna rangi. Ikija krimu ya chunusi au ndege za Lucky Airlines, skrini inawaka. Watu wa kuediti wataelewa upesi uzuri wa uamuzi huo. Bidhaa zenyewe ni za kubuni, ingawa nimesikia watu wakibishana kama ziliwahi kuuzwa.

“Inasema watu wa matangazo ni waongo, akipatikana mkweli mambo yatanyooka.”
Hili ndilo kosa kubwa, na linatokana na kuishia katikati. Mwenyekiti wa kampuni anafia mezani katikati ya kikao. Wajumbe wanapiga kura, na kanuni hairuhusu mtu kujipigia mwenyewe. Kila mmoja anatafuta jina ambalo anaamini hakuna mwingine atakayelichagua, na jina hilo ni la Swope, msimamizi wa muziki, mweusi pekee pale mezani. Kura zinamwangukia yeye. Anawafukuza karibu wote, anaajiri weusi wenzake, na kampuni anaiita Truth and Soul, yaani Ukweli na Roho. Matangazo ya pombe, sigara na midoli ya kivita anayakataa. Wakati huo sigara zilikuwa bado zinatangazwa kwenye televisheni za Marekani. Marufuku ilianza kufanya kazi Januari 1971. Kuzikataa kulikuwa kukataa hela hasa.

Wengi hapo ndipo wanapokomea, wakashangilia. Lakini filamu inaendelea. Wateja wanatakiwa kulipa taslimu na mapema, na wanalipa. Swope anavaa magwanda kama ya Fidel Castro. Anachukua mawazo ya wafanyakazi wake na kuwatimua. Rais wa nchi anamshinikiza atangaze gari, Borman Six, na ule msimamo wa mwanzo unazidi kulegea. Downey hakumpa mtu yeyote usafi wa bure, si wazungu wa kampuni ya zamani wala weusi wa kampuni mpya. Prodyuza wa hapa aliyekataa tangazo la kamari mwezi Januari, kisha akalipokea Juni mwenye nyumba alipomgongea mlango, atajiona humo waziwazi. Na namtakia ajione, kwa sababu hakuna mafunzo ya kazi yanayomwandaa mtu kwa siku hiyo.

“Filamu huru ni ya waliokosa studio, haifiki popote.”
Ilifika. Msambazaji wake, Cinema V ya Donald Rugoff, aliiweka kwenye kumbi za sinema, na mwaka 2016 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya filamu za nchi hiyo zinazostahili kuhifadhiwa.

“Hayo ni ya New York, kwetu hayatengenezeki.”
Televisheni Tanzania Bara ilianza 1994 tu, kweli, na kichekesho cha matangazo ya TV hakitatugusa sote sawasawa. Lakini tuna gari la spika linalozunguka soko la Kilombero likiahidi dawa moja inayotibu mgongo, kisukari na ndoa. Tuna mteja anayetaka tangazo la dakika moja kwa hela ya nauli, halafu arekebishiwe mara kumi. Filamu iko hapo tayari.

Wengine wanaogopa sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka upate kibali kabla ya kushuti na filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa. Haikatazi kuicheka biashara ya matangazo. Peleka andiko lako Bodi ya Filamu mapema. Bidhaa zibuni mwenyewe, kama alivyofanya Downey: jina la sabuni ambalo halipo dukani, nembo uliyoichora wewe, wimbo wake wa kuuzia uliotungwa na rafiki yako wa Sakina. Hakuna kampuni ya kweli itakayodai umeichafua, na utakuwa huru kuifanya sabuni yako iahidi chochote unachotaka.