Ubongo Kids haikutoka Ulaya

Juzi kinyozi mmoja hapa Majengo, Dodoma, alikuwa akimnyoa mtoto huku king'amuzi kikionyesha Ubongo Kids. "Hizi katuni za Wazungu," akasema, "wanazitia Kiswahili tu." Benchi zima likaitikia.

Sivyo. Ubongo Kids ilibuniwa na inatengenezwa Dar es Salaam, ikaanza kurushwa TBC1 mwaka 2014. Tafsiri yenyewe ilikwenda upande wa pili: ilianza kwa Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine vikafuata. Jina ndilo linalochanganya, nakiri. Nusu Kiswahili, nusu Kiingereza.

Lakini sikiliza vizuri. Wahusika wake, Kibena, Koba, Kiduchu na wenzao, wanaishi kijiji cha Kokotoa. Mzungu gani angekiita kijiji Kokotoa, kwa watoto wanaofunzwa hesabu? Mchezo huo wa neno unamkolea anayejua kukokotoa ni nini. Hata namna ya kushiriki ilipangwa kwa mazingira yetu: mtoto alijibu maswali ya kipindi kwa ujumbe mfupi, kupitia simu ya kitochi ya mama, bila intaneti.

Akili and Me, katuni nyingine ya watoto, nayo ni ya watengenezaji haohao. Akili ana miaka minne, anaishi chini ya Kilimanjaro.

Nadhani dhana hii ina mizizi. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973. Sisi wa Bara tulisubiri hadi 1994, na katuni nyingi tulizokulia zilitoka nje kweli. Kinyozi wangu ni wa rika hilo. Mtoto kwenye kiti, kichwa nusu kimenyolewa, yeye alikuwa anaimba.