Mazoezi bila kupungua kilo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Mwembamba hivyo halafu uanze mazoezi? Si utabaki mifupa!" Sijui mtu mwembamba aliyeanza mazoezi bila kuambiwa haya, na wengi huvua raba siku hiyo hiyo.

Kinachoshusha kilo si jasho. Jasho ni maji, ukinywa yanarudi. Uzito hushuka pale mwili unapotumia nishati nyingi kuliko inayoingia kinywani, siku baada ya siku. Mtu wa kilo 60 akikimbia kilomita 5 hutumia kalori kama 300 hivi. Glasi ya maziwa na ndizi mbili, deni limelipwa. Asiyetaka kupungua aongeze chakula, asipunguze mazoezi.

Wengine watakwambia kukimbia kunakula misuli. Nusu saa mara mbili au tatu kwa wiki haili chochote, na moyo utakushukuru. Tatizo ni kukimbia masafa marefu kila siku huku unakula kama ndege.

Dhana inayowavunja moyo watu wengi zaidi ni hii: "Miezi miwili sasa, mizani haijasogea, kwa hiyo nimepoteza muda." Lita moja ya misuli ina uzito wa takriban kilo 1.06, lita moja ya mafuta ni kama kilo 0.9. Anayeanza anaweza kupunguza mafuta na kuongeza misuli kwa wakati mmoja, kilo zikabaki zilezile huku suruali ikilegea kiunoni na kubana mapajani. Isitoshe, maji na chakula tu vinaweza kusogeza mizani kilo nzima kati ya asubuhi na jioni. Mimi naamini daftari zaidi. Wiki ya kwanza uliandika pushapu 6, ya nane 15: hapo kuna kazi imefanyika. Ila usishangae nguvu zikija kabla ya umbo. Wiki za mwanzo ni neva zinazojifunza kuamsha nyuzi nyingi za misuli kwa pamoja; kutuna kunafuata baadaye.

Je, bila vyuma vizito hujengeki? Unajengeka. Marudio 8 au 25, yote yanafaa mradi yale ya mwisho yawe magumu kwelikweli. Pushapu zikiwa rahisi, weka miguu juu ya kiti. Kuchuchumaa kukizoeleka, vaa begi la mgongoni lililojaa vitabu. Kosa ni kurudia pushapu 20 zilezile mwaka mzima, kisha kulalamika mkono haujanenepa.

Protini ya kopo nayo si lazima. Gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha wengi, yaani kama gramu 95 kwa mtu wa kilo 60. Yai moja lina gramu 6 hivi. Samaki, nyama, maziwa na maharage yatajaza lililobaki. Poda ni chakula kilichokaushwa, basi.

Na ile ya misuli kugeuka mafuta ukiacha mazoezi? Haigeuki. Misuli husinyaa, mafuta huongezeka kwa sababu ulaji umebaki uleule.

Ila kama unakula vizuri, hujabadilisha kitu, na bado kilo zinaondoka zenyewe, anzia kwa daktari. Akupime sukari na tezi ya shingoni kabla hujagusa dambeli.