Tuache kudokoa Biblia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Hapa Tanga unaweza kusoma Maandiko mchana kutwa bila kufungua Biblia. Pikipiki hii imebandikwa "Nayaweza mambo yote", bajaji ile "Bwana ndiye mchungaji wangu", na kioo cha nyuma cha daladala kimeandikwa "Yeremia 29:11", namba tu, maneno utajijua mwenyewe. Katikati yake kuna "Mashallah" na "Tawakal", maana mji huu ni wetu sote. Ukifika nyumbani simu inalia: kundi la kwaya limetuma Neno la leo, mstari mmoja juu ya picha ya maua.

Sina ugomvi na stika, na picha za maua nazipokea kwa moyo mkunjufu. Ila kazi yangu ni kufundisha Biblia, vijana wa kipaimara na watu wazima wa jumuiya, na swali ninaloletewa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, mbona nasoma kila siku lakini sisogei? Mungu naona yuko palepale, mbali." Nikiuliza unasoma nini, jibu ni mstari wa siku. Mtu anadokoa kama mtoto aliyefunua sufuria kabla chakula hakijapakuliwa: kipande cha nyama leo, kipande kesho, halafu anashangaa kwa nini hashibi.

Naona shida iko hapa. Mstari uliong'olewa peke yake hukuambia kile ulichokuja nacho. Mwenye mtihani ataona mtihani, mwenye kesi ya kiwanja ataona kiwanja. Na mtu yeyote, sembuse Mungu, huwezi kumkaribia kama kila mara unamsikiliza kwa yale tu uliyomuuliza. Ukaribu huanza anapokwambia jambo ambalo hukulitarajia, pengine ambalo hukulitaka. Jambo hilo mara nyingi liko mstari mmoja juu au mmoja chini ya ule ulioubandika.

Hizo namba zenyewe, kwanza, zimekuja nyuma sana. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari ya Agano Jipya ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Paulo hakuandika "Wafilipi 4:13". Aliandika barua, ikasomwa kwa sauti mbele ya watu, kuanzia salamu hadi salamu.

Basi tuisome hivyo. Paulo yuko kifungoni. Anataja vifungo vyake tangu sura ya kwanza. Wafilipi wamemtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito, ambaye aliugua karibu kufa. Mwishoni mwa barua Paulo anashukuru kwa kile alichopokea, na ndani ya shukrani hiyo anasema: "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo." Anaendelea kwamba amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Ndipo linakuja lile la kwenye pikipiki: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Mambo yote yapi? Ndiyo hayo aliyotoka kuyataja sasa hivi, njaa ikiwamo.

Nilipofundisha kifungu hiki, kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono. "Kwa hiyo Mwalimu, na siku nisiyofikisha hesabu ya bosi imo humo?" Nikamwambia imo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa hapo ndipo nauelewa." Alikuwa ameubandika mstari ule akiamini ni ahadi ya kununua pikipiki yake mwenyewe. Huenda atainunua, na namwombea. Lakini Paulo alikuwa anaongea na mtu wa siku mbaya, na kijana huyu siku mbaya anazo nyingi kuliko nzuri.

Shuka mstari mmoja tu: "Lakini mlifanya vema, mliposhiriki nami katika dhiki yangu." Mtu aliyesema anayaweza yote anageuka papo hapo na kuwashukuru waliomsaidia. Nimesikia mahubiri mengi sana ya mstari wa 13 na machache mno ya mstari wa 14. Ukiusoma wa 13 peke yake unaweza kujiona jabali usiyemhitaji mtu. Ukisoma yote miwili utakumbuka kumpigia simu yule aliyekuchangia ada.

Yeremia 29 ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayoonewa zaidi. Mstari wa 11 kila mtu anao kichwani: mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho. Unatumwa kwa wahitimu, kwa maharusi, kwa anayesubiri majibu ya usaili. Sasa anza sura ya 28. Baadhi ya watu wa Yuda wamekwisha kupelekwa utumwani Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Nabii Hanania anasimama hekaluni Yerusalemu na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atarudisha kila kitu na kila mtu. Anaitwaa nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya umati. Ungekuwepo ungempigia makofi Hanania. Mimi pia ningepiga.

Ndipo Yeremia anawaandikia barua waliohamishwa. Jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, oeni, ozesheni, zaeni wana na binti. Msiwasikilize manabii wenu wanaowadanganya. Miaka 70 itimie kwanza, asema Bwana, ndipo nitawarudisha. Piga hesabu mwenyewe: aliyeisikia barua ile akiwa na miaka 20 angekuwa na 90. Wengi wao walikuwa wanaambiwa kwa upole kwamba watazikwa Babeli. Na ndani ya habari hiyo nzito, hapo hapo, ndipo Mungu anasema anayajua mawazo anayowawazia. Tumaini lile ni la kweli. Lilitolewa kwa taifa zima, na kwa watu wengi lilikuwa tumaini la wajukuu wao.

Kwa sisi wa Tanga barua hii haiko mbali. Mkonge uliletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipopanuka wakatafutwa vibarua wa mkataba kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hata Msumbiji. Hao ndio manamba, na vizazi vyao wamejaa kwenye makanisa yetu. Katika jumuiya tunayosali yuko bibi mmoja ambaye baba yake alitoka Uha, kule Kigoma, kuja kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Muheza. Tulikuwa tunasoma kwa zamu, kila mtu mistari miwili mitatu, na zamu yake ikaangukia mstari wa 5. Akasoma "kapandeni bustani" akasimama. Akavua miwani. "Baba yangu hakupanda hata mwembe," akasema. "Kila mwaka, mwakani tunarudi. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda limefungwa. Amekufa nalo." Hakuna aliyeongeza neno kwa muda, na kipindi kile sikuwa na haja ya kufafanua zaidi.

Mstari wa 7 ndio uliotubadilisha sala. "Kautakieni amani mji ule," Mungu anawaambia, mkauombee kwa Bwana, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Mji wenyewe ni wa watu waliowateka! Sisi Tanga haijatuteka, imetulisha. Lakini zamani sala za jumuiya yetu zilikuwa za watoto wetu, safari zetu, wagonjwa wetu. Siku hizi tunataja bandari, tunataja wavuvi, wauguzi wa zamu ya usiku, watoto wanaopita mlangoni kwetu jioni wakitoka madrasa. Jambo hilo hakuna aliyelipanga. Lilikuja kwa sababu tulikaa kwenye sura nzima muda wa kutosha mpaka ikatugusa mahali ambapo hatukuwa tunajikuna.

Kuna atakayesema: Mwalimu, Yesu mwenyewe nyikani alijibu kwa mistari mifupi. Kweli, na yote mitatu aliitoa Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, mahali ambapo Musa anawakumbusha Israeli miaka 40 ya jangwani. Yeye yuko nyikani siku 40 na njaa inamuuma. Alijua alikokuwa amesimama na mistari ile imesimama wapi. Aliyedokoa siku ile alikuwa mwingine. Shetani alinukuu Zaburi ya 91, kwamba malaika watakuchukua usije ukajikwaa, na katika Mathayo anayaruka maneno "katika njia zako zote". Mstari unaofuata katika Zaburi ile unasema utawakanyaga simba na nyoka. Huo hakuugusa kabisa, na unaweza kukisia kwa nini.

Kwa hiyo kariri mistari, tena sana. Ila ujue kila mmoja unakaa nyumba gani.

Kwa vitendo mimi huwaambia watu wachukue kitabu kifupi kimoja na kukaa nacho mwezi mzima. Wafilipi ina sura 4. Ukiisoma kwa sauti ya kawaida ni robo saa hivi. Siku ya kwanza isome yote bila kusimama, hata kama kuna usichoelewa. Kuanzia kesho yake chukua kipande, na kila siku anza mistari michache nyuma ya pale ulipoishia. Ukifika mwisho rudi mwanzo. Mara ya tatu au ya nne utaanza kuona vitu: jinsi neno furaha linavyorudi rudi kwenye barua ya mfungwa, jinsi Euodia na Sintike walivyokuwa na tofauti zao na Paulo akaona ni jambo la kutaja mbele ya kanisa zima.

Soma kwa sauti. Paulo anawaagiza Wakolosai barua yao ikasomwe na kule Laodikia, na Ufunuo unaanza kwa kumwita heri asomaye na wale wanaosikia. Ukisoma kwa macho tu, macho yanaruka yanayoyajua. Mdomo hauruki.

Uwe na daftari. Usiandike "nimejifunza nini", utajikuta unaandika yale yale kila siku: nivumilie, nisamehe, nisali. Andika kitu kimoja ambacho kifungu kimesema juu ya Mungu na ambacho wewe usingekisema. Kisha geuza hicho kiwe sala yako. Siku nyingine utakosa, acha mstari mtupu uendelee.

Biblia ipi? Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ndiyo wengi wetu tumeikariri na mdundo wake unakaa masikioni. Habari Njema inasaidia pale unapokwama. Ya simu haina ubaya, lakini zima data kwanza. Kuhusu saa, anayeishi Ngamiani hapa mjini hana kisingizio: adhana ya alfajiri inatuamsha wote, kila mtu aende kwa Mungu wake.

Zaburi zina utaratibu wake. Hizo usichague, zifuate kwa mpangilio, ya 1 hadi ya 150, moja asubuhi au moja jioni, ukimaliza anza tena. Mama mmoja anayeuza samaki pale soko la Deep Sea huzisoma huku akisubiri mitumbwi ifike. Kitabu chake cha Zaburi kina kurasa zilizojikunja kwa maji ya chumvi, na ya 23 imekwisha kuchanika pembeni. Siku moja akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayelalamikia mzigo pungufu, mbona ya 88 haina mwisho. Amesubiri ile sehemu ya "lakini nitakusifu", haikuja; imeishia gizani. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akasema, "Basi aliyeiweka humo alijua kuna siku kama za mwaka jana." Mwaka jana alimzika mtoto. Kama angekuwa anachagua, asingeifungua ya 88 hata mara moja, maana hakuna anayeituma WhatsApp.

Na siku ya 88 inapokuangukia nawe una furaha? Iombe hivyo hivyo, kwa ajili ya mtu ambaye leo hana nguvu ya kuiomba. Vivyo hivyo ya shangwe inapokukuta msibani: waimbe wengine kwa niaba yako mpaka utakapopata sauti.

Sasa wale wa mpango wa mwaka mzima, mnaoniandikia kila ifikapo Machi kwamba mmekwama Walawi. Sura 1,189 kwa mwaka ni zaidi ya tatu kila siku. Ukipitwa na wiki moja ya msiba una deni la sura zaidi ya 20, na deni la Biblia linamfanya mtu aikwepe Biblia. Achana na deni. Fungua siku ya leo uendelee.

Sisi mwezi ujao tunaingia Habakuki, sura 3, mistari 56. Anayetaka kusoma nasi aanze na swali la kwanza la nabii, "nilie hata lini, wewe usitake kusikia?", na alisome kwa ukali kama lilivyo. Najua wengi mnaipenda sehemu ya mtini usiochanua maua, ile ya sura ya 3 tunayoiimba. Tutaifikia. Kabla yake kuna mlinzi aliyesimama kwenye zamu yake akisubiri kuona atajibiwa nini, na hapo tutakaa wiki mbili.