Gorogoro Iliyobonyezwa Kitako: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Yasiyoonekana Katika Mikakati ya Biashara

Naletewa hojaji nyingi kuzisoma kabla hazijapelekwa kwa msimamizi. Wenyewe ni wanafunzi wa uzamili wa hapa Mombasa. Mchana wako bandarini, kwenye mahoteli ya Nyali au kwenye ofisi za mawakala wa forodha, usiku wanaandika tasnifu. Wanataka kupima "uwezo wa kampuni kubadilika", "moyo wa ujasiriamali", "utamaduni wa ubunifu". Chini ya kila sentensi kuna visanduku vitano, kuanzia sikubaliani kabisa hadi nakubaliana kabisa, mtindo tuliorithi kwa Mmarekani Rensis Likert tangu mwaka 1932. Visanduku havina ubaya. Ubaya uko kwenye yale tunayoyaamini juu yake.

Wafanyabiashara husema kisichoshikika hakipimiki. Hilo jibu lake fupi. Homa ya mtoto huioni kwa macho. Unaona paji lina moto, midomo imekauka, uji ameukataa. Mkakati nao hufuatwa kwa dalili zake. Ila lazima useme kwanza homa yenyewe ni nini, na hapa tasnifu nyingi zinateleza: maana ya dhana imepewa mistari mitatu, majedwali yamepewa kurasa ishirini.

Dhana potofu inayonikera zaidi ni hii: "Alfa yangu imepita 0.7, basi kipimo ni sahihi." Alfa hiyo ni ile iliyopewa jina la Lee Cronbach, aliyeiandikia makala mwaka 1951. Inaeleza majibu ya maswali ya kundi moja yanakwenda pamoja kiasi gani. Yanakwenda pamoja kuelekea wapi, haisemi. Chukua gorogoro iliyobonyezwa kitako, uende nayo sokoni Kongowea, upime mahindi mara kumi. Mara zote kumi utapata kiasi kile kile, haina kigeugeu hata kidogo. Na mara zote kumi mnunuzi amepunjwa. Kule kutobadilika ndiko uthabiti. Kupima kile ulichosema unapima ndiko uhalali, na alfa haiujui.

Isitoshe, alfa hupanda kwa wingi wa maswali tu. Tuseme uhusiano kati ya swali na swali ni 0.3 kwa wastani, ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kwenda pamoja kabisa. Ukiwa na maswali manne, alfa ni 0.63, chini ya ile 0.7, umefeli. Ongeza yafike kumi ya aina hiyo hiyo, inakuwa 0.81, umefaulu, na hakuna swali hata moja lililoboreshwa. Nilipata kuona maswali matano yote yakisema "kampuni yetu hupenda mambo mapya" kwa maneno yaliyogeuzwa-geuzwa. Alfa ilikuwa juu mno na mwenyewe anatabasamu. Nikamwambia, dada yangu, umemuuliza mtu jina lake mara tano, ukashangaa kwamba majibu yanafanana.

Halafu kuna vipimo ambavyo alfa haivihusu kabisa. Fikiria pilau. Harufu inayotoka dirishani ni dalili ya pilau. Jirani mmoja akiikosa, mwingine ataisikia. Lakini mchele, nyama na bizari ndivyo vinavyoifanya iwe pilau, na hakuna sababu ya mchele kupanda na kushuka pamoja na bizari. "Rasilimali za kampuni" zikihesabiwa kwa malori, leseni na wateja wa kudumu, hizo ni viungo, si harufu. Ukikifukuza kimoja kwa kuwa kimeshusha alfa, umebadilisha chakula chenyewe.

"Basi nitaongeza wahojiwa, makosa yatajifuta." Hayajifuti. Mwanasaikolojia Charles Spearman alishaonyesha mwaka 1904 kwamba kipimo kibovu kinadhoofisha uhusiano unaoonekana. Chukua mkakati na mafanikio ambavyo uhusiano wake wa kweli ni 0.5, kila kimoja kikiwa kimepimwa kwa uthabiti wa 0.7. Utakachokiona kwa wastani ni 0.35. Wahojiwa wawe 50 au 5,000, unazidi tu kuwa na hakika na hiyo 0.35. Kwa lugha ya asilimia, yaani uhusiano ukizidishwa kwa wenyewe, mkakati ulioeleza 25 ya tofauti za mafanikio sasa unaonekana kueleza kama 12, na mwanafunzi anahitimisha kwamba mkakati "una athari ndogo", kumbe kilichopungua ni kipimo chake.

Vipi kuhusu wale wasioamini ila vitabu vya hesabu? Wanasema maoni ya meneja ni porojo. Watafiti Gregory Dess na Richard Robinson walilichunguza hilo mwaka 1984, wakakuta makadirio ya wakuu wa kampuni kuhusu faida na kukua kwa mauzo yakikubaliana vya kutosha na takwimu halisi, hivyo yanafaa pale takwimu zinapokosekana. Na hapa kwetu hukosekana sana. Ukimuuliza mwenye duka faida yake, kwanza atataka kujua kama umetumwa na watu wa kodi. Hata zikipatikana, faida ipi? Hoteli ya ufukweni mwezi wa tano, mvua za masika zikinyesha, na hoteli hiyo hiyo Desemba, ni kama biashara mbili. Hatari ya kweli iko kwingine: meneja yule yule anapojisifu kwa mkakati kisha akajisifu kwa mafanikio, unaweza kuwa umepima furaha yake ya siku ile. Muulize mtu mwingine nusu ya maswali.

Kosa la kupima dhana kwa kiashiria kimoja, yaani dalili moja tu, nalo si la wanafunzi pekee. Watafiti Boyd, Gove na Hitt waliandika mwaka 2005 wakilalamikia jinsi tafiti za mikakati zinavyoegemea kiashiria kimoja kimoja. Fedha ambazo kampuni hutumia kwa utafiti wake, kwa mfano, zinaweza kusimama leo kwa niaba ya ubunifu, kesho kwa niaba ya kupenda hatari.

La mwisho linanihusu mwenyewe. Niliamini kwamba hojaji iliyothibitishwa ughaibuni ni tayari kwa matumizi, kazi ni kutafsiri tu. Nikaenda nayo Biashara Street, kwenye maduka ya leso, na sentensi moja ilikuwa juu ya kuwashambulia washindani kwa nguvu. Nilikuwa nimetafsiri, mwenzangu akaigeuza tena Kiingereza, ikarudi vilevile. Nikajiona fundi.

Mzee mmoja akaisoma, akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, mshindani wangu ni huyu wa mlango wa pili. Leso nikiikosa, namtuma mtoto akaichukue kwake. Sasa nimshambulie nimkose?" Akaweka alama kwenye "sikubaliani kabisa". Kwa hesabu zangu akawa mfanyabiashara asiye na ushindani hata chembe, na asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona akishusha bei mara mbili.

Swali lile tuliliondoa. Mahali pake tukaandika: jirani aliposhusha bei ya leso mara ya mwisho, wewe ulifanya nini? Karatasi ya mzee ilijaa hadi nyuma.