Myanmar chini ya jeshi: yanayosemwa na yalivyo

"Bila wanajeshi nchi ile ingekwisha kusambaratika." Maneno haya nimeyasikia vijiweni, nimeyasikia pia kwa watu waliosoma, na yananiuma kila mara. Myanmar ina watu wapatao milioni 54, na serikali yenyewe huhesabu makabila 135, basi ni rahisi mtu kuamini kwamba pasipo bunduki hawawezi kukaa pamoja. Naanza na dhana hii kwa kuwa nyingine nyingi zimezaliwa humo.

Februari 12, 1947, katika mji mdogo wa Panglong, Aung San, kiongozi wa harakati za uhuru, alikaa na viongozi wa Washan, Wakachin na Wachin wakakubaliana kuwa nchi moja, watu wa milimani wakiahidiwa kujiendeshea mambo yao ya ndani. Hakuna aliyeshikiwa mtutu. Julai 19 mwaka huo huo Aung San akapigwa risasi akiwa kikaoni na mawaziri wenzake, na uhuru kutoka kwa Waingereza ulipofika Januari 4, 1948, aliyetoa ahadi ile alikuwa kaburini. Wakaren, ambao Panglong walikaa kama watazamaji tu, walishika silaha mapema 1949. Kwa hiyo ni kweli, vita vilikuwepo kabla ya jeshi kutawala. Lakini Machi 2, 1962, viongozi wa makabila walikuwa wamekusanyika Rangoon, ndiyo Yangon ya leo, kujadili namna ya kuirudisha ahadi ya Panglong kwa mazungumzo, si kwa risasi. Usiku ule Jenerali Ne Win akapindua serikali na kuwatia mbaroni, akidai anaokoa umoja wa taifa. Tangu hapo makundi yenye silaha yamezidi kuongezeka, na Wakaren hawajawahi kuona amani ya kudumu hata leo.

"Angalau walileta nidhamu kwenye uchumi." Hapana. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia nchi hiyo iliuza mchele nje kuliko nchi yoyote duniani. Baada ya miaka 25 ya Ne Win, Umoja wa Mataifa uliiingiza kwenye orodha ya nchi maskini kabisa. Mwaka ulikuwa 1987, na mwaka huo huo, Septemba, serikali ilitangaza kwamba noti za kyat 25, 35 na 75 si pesa tena. Kenya ilipobadilisha noti ya shilingi 1,000 mwaka 2019, watu walipewa miezi minne kwenda benki. Kule hawakupewa hata siku moja wala kufidiwa senti. Mkulima aliyekwisha kuuza mpunga na kuhifadhi noti nyumbani aliamka na makaratasi. Mwanafunzi aliyetumiwa karo alibaki hana nauli ya kurudi kwao. Badala yake zikaja noti za 45 na 90, namba zinazogawanyika kwa 9, kwa sababu Ne Win aliamini 9 ndiyo namba ya bahati yake. Maisha ya watu wote yalichezewa kwa imani ya mtu mmoja. Agosti 8, 1988 umma uliingia barabarani, na askari wakawamiminia risasi. Waliokufa katika miezi ile huhesabiwa kwa maelfu.

Wapo pia wanaosema kwamba demokrasia ya Myanmar ilikuwa kamili mpaka mapinduzi ya 2021. Jeshi halikuwa limeondoka. Katiba ya 2008 liliiandika lenyewe, na kura ya maoni likaipigisha mwezi Mei, siku chache tu baada ya kimbunga Nargis kuua au kupoteza watu zaidi ya 130,000, wakati maiti zilikuwa bado zinaelea kwenye delta ya Irrawaddy. Katiba hiyo inawapa wanajeshi asilimia 25 ya viti vya bunge bila kupigiwa kura. Kuvibadilisha vifungu vyake vikuu kunahitaji zaidi ya asilimia 75 ya kura za bunge. Piga hesabu mwenyewe. Wizara za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka nazo ni zao. Uchaguzi wa Novemba 2020 chama cha NLD, kilichokuwa kikiongoza serikali ya kiraia, kilipata viti 396 kati ya 476, na chama kinachobebwa na jeshi kikapata 33. Februari 1, 2021, siku ambayo bunge jipya lilikuwa lifunguliwe, Jenerali Min Aung Hlaing akawakamata waliochaguliwa.

Hapo hapo linakuja jina la Aung San Suu Kyi, kiongozi wa NLD na binti wa Aung San yule wa Panglong. Wengi humwita rais wa zamani. Hakuwa rais hata siku moja, maana katiba inamzuia mtu ambaye watoto wake ni raia wa nchi nyingine, na wanawe ni Waingereza. (Na "Kyi" si jina la ukoo. Wabama, kabila lake, hawana majina ya ukoo. "Daw" inayotangulia jina lake ni heshima, kama sisi tunavyosema Mama au Bi, na "U" ya U Thant, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ni kama Mzee.)

Wengine humwona kama mtakatifu, na hili ndilo gumu kwangu kuliandika, kwa sababu alifungiwa nyumbani jumla ya miaka 15 na ujasiri wake ulikuwa wa kweli. Lakini Desemba 2019 alikwenda kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, kuitetea nchi yake dhidi ya shtaka la mauaji ya kimbari ya Warohingya, Waislamu wa magharibi mwa Myanmar, wakati zaidi ya watu 700,000 walikuwa wamekimbilia Bangladesh tangu Agosti 2017, vijiji vyao vikiwa majivu. Aliyefungua kesi ni Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi. Waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi miaka mingi upande wa mashtaka katika mahakama ya Rwanda iliyokuwa Arusha. Mwaka 2018 alifika kwenye kambi za Cox's Bazar, huko Bangladesh, akasikiliza wakimbizi, akatambua anachokisikia. Kwetu Afrika Mashariki hilo si jambo la mbali. Januari 2020 mahakama iliiamuru Myanmar iwalinde Warohingya waliobaki.

"Lakini hao si wahamiaji kutoka Bangladesh?" Bangladesh yenyewe imezaliwa 1971. Daktari Francis Buchanan aliliandika jina lao mwaka 1799, na baada ya uhuru walikuwa na wabunge wao. Kilichowafanya wageni ni sheria ya uraia ya 1982, iliyotungwa chini ya Ne Win.

Wala si vita vya Mabuddha na Waislamu, kama inavyorahisishwa. Wakachin na Wachin wanaopigana na jeshi wengi wao ni Wakristo. Mwaka 2007 watawa wa Kibuddha wenyewe waliandamana na kupigwa. Baada ya mapinduzi ya 2021, vijana wa Kibama, kabila kubwa na la Kibuddha, waliandika hadharani kuwaomba radhi Warohingya, kwa kuwa sasa wameyaonja.

Burma na Myanmar ni nchi moja. Jeshi lilibadilisha jina 1989. Makao makuu si Yangon tena, ni Naypyidaw, mji ambao majenerali waliujenga kwenye mashamba na kuuhamia 2005.

Na watu hawajanyamaza. Kuanzia jioni ya pili baada ya mapinduzi, saa mbili usiku, Yangon ililia kwa sufuria na masinia yaliyogongwa madirishani, namna ya zamani ya kufukuza pepo wabaya nyumbani. Kisha wanawake wakatoa htamein zao, nguo za kujifunga kiunoni, ndugu wa kanga na kikoi zetu, wakazianika kwenye kamba juu ya barabara. Kule wanaume wengi huamini kwamba ukipita chini ya nguo hiyo unapoteza nguvu zako za kiume. Askari wenye bunduki walisimama, wakapanda juu ya magari kuzitungua moja moja, na waandamanaji wakapata muda wa kukimbia. Mwezi ule risasi zilishinda kamba za nguo, na ndipo wengi wakaingia msituni kujifunza silaha kwa wale wale Wakaren na Wakachin waliokuwa wakiambiwa ni maadui.

Ndiyo maana si kweli kwamba jeshi linaishika nchi yote. Oktoba 27, 2023 makundi matatu yenye silaha yalishambulia kwa pamoja jimbo la Shan, na Agosti 2024 mji wa Lashio, penye kamandi nzima ya jeshi, ukaanguka. Ulirudishwa mikononi mwa jeshi 2025 kwa shinikizo la China. Februari 2024 jeshi lilitangaza kuandikisha vijana kwa lazima, na foleni ya pasipoti mjini Mandalay ikawa ndefu hadi wanawake wawili wakafa kwenye msukumano.

La mwisho ni lile la "yako mbali na sisi". Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia wamefungiwa Myawaddy, mji wa Myanmar mpakani na Thailand, kwenye majengo yenye kuta na walinzi, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni, na anayekataa hupigwa. Eneo hilo lilikuwa mikononi mwa wanamgambo wa Kikaren walioshirikiana na jeshi. Mwanzoni mwa 2025 walitolewa watu zaidi ya 7,000. Tangazo la kazi halitaji Myanmar kamwe: linasema Thailand, huduma kwa wateja, mshahara wa dola. Tiketi ni ya Bangkok. Halafu gari linakuja usiku na dereva anasema mnakwenda Mae Sot. Mji huo wa Thailand uko ukingoni mwa mto Moei, mwembamba, unaovukwa kwa mtumbwi dakika chache. Ng'ambo yake ndiyo Myawaddy.