Samaki Akiugua Kwenye Akuaponiki, Mtoe Yeye Aifuate Dawa

Mfugaji wa akuaponiki, yaani samaki na mboga kwenye maji yale yale yanayozunguka, akikuta sato wawili wanaelea asubuhi, swali lake la kwanza huwa "niweke dawa gani?" Kwa mwenye bwawa la udongo hilo ni swali la kawaida. Kwenye akuaponiki ni swali la hatari, kwa sababu maji anamoogelea samaki ndiyo hayo hayo yanayopanda kwenye kokoto, yanalisha mchicha na saladi, kisha yanarudi tangini. Humo njiani kuna bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ndiyo mbolea ya mboga. Dawa ukiimimina tangini haichagui: inaweza kuwaua bakteria hao pamoja na wadudu uliowakusudia. Siku chache baadaye amonia inapanda, na samaki waliookoka na ugonjwa wanakufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe. Mboga nazo zinakuwa zimekulia kwenye maji yenye dawa, na hakuna muda wa kusubiri uliowahi kupangwa kwa mboga ya namna hiyo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni mmoja. Fomalini, mrututu, pamanganeti na antibayotiki haziingii kwenye mfumo unaozunguka. Samaki ndiye anayetolewa kwenda kutibiwa pembeni. Lakini hata kabla ya kufika huko kuna kazi ya kufanya, na wengi wanairuka.

Kwanza pima maji

Samaki wengi wakifa usiku mmoja, tena wale wakubwa wakitangulia, usianze kutafuta kimelea. Uliza umeme ulikatika saa ngapi na pampu ya hewa ilisimama kwa muda gani. Oksijeni huwa chini zaidi alfajiri, na samaki wanaokosa hewa utawaona wanahema juu ya maji au wamejazana pale bomba linapomwaga. Jitahidi oksijeni isishuke chini ya miligramu 5 kwa lita. Sato huvumilia kiasi kidogo kuliko hicho, na kambale zaidi kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, ila bakteria wa kichujio (wale wanaogeuza amonia) na mizizi ya mboga hawana uwezo huo. Kambale aliye hai si ushahidi kwamba maji ni mazima.

Ugonjwa wa kuambukiza kwa kawaida unakuja kwa mwendo mwingine: leo mmoja, kesho wawili, keshokutwa watatu, na mwilini kuna alama.

Amonia inahitaji umakini wa pekee kwa sababu namba ya kwenye kipimo peke yake inadanganya. Sehemu yenye sumu kali inategemea pH (kipimo cha uasidi wa maji) na joto. Chukua maji yenye nyuzi joto 28 na jumla ya amonia ya miligramu 2 kwa lita. Kwenye pH 7, sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia hiyo. Kwenye pH 8, maji yale yale yanakuwa na sumu karibu mara kumi, na hapo sato huanza kupunguza kula na matamvua kuharibika, hata kama hakuna anayekufa. Samaki aliyeharibika matamvua ndiye bakteria na vimelea wanayemmaliza wiki inayofuata, halafu lawama zote zinaenda kwa bakteria. Ndiyo maana tunashauri pH ya kati ya 6.8 na 7.2, na tunawasihi wafugaji wasimwage chokaa au majivu kupandisha pH wakati amonia iko juu.

Amonia ikipanda, acha kulisha, ongeza hewa, na badilisha robo hadi theluthi ya maji. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza kwenye chombo kilicho wazi kwa siku nzima yakipuliziwa hewa. Klorini inaunguza matamvua na inaua bakteria wako wa kichujio kwa pamoja.

Inua kifuniko cha matamvua

Hakuna uchunguzi wa nyumbani unaosema mengi kama huu. Lowesha mikono ili usimvue samaki ute wake, mshike kwa upole, inua kifuniko na utazame matamvua kwenye mwanga wa jua. Mekundu na yenye nyuzi zilizotengana, ni mazima. Ya rangi ya kahawia kama chokoleti, fikiria nitriti: imeingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, kwa hiyo samaki anakosa hewa ndani ya maji yenye hewa ya kutosha. Yaliyopauka na kujaa ute yanaelekeza kwenye vimelea. Yenye mabaka meupe au ya njano yanayomomonyoka ni dalili ya bakteria wanaokula matamvua, na hapo muda ni mchache sana.

Nitriti ndiyo hali moja tunayoruhusu chumvi kuingia kwenye mfumo wenyewe, tena kwa kipimo kidogo: gramu 170 hivi kwa kila lita 1,000, ikayeyushwa kwanza pembeni. Kloridi iliyo kwenye chumvi huizuia nitriti kupenya kwenye matamvua. Kiasi hicho mboga zinakivumilia. Kumbuka tu kwamba mimea haili sodiamu, kwa hiyo chumvi haipungui mpaka umwage maji. Ukiongeza kila wiki bila hesabu, siku moja unapita gramu 1 kwa lita na majani yanaanza kuungua kingo, maharage na stroberi yakitangulia.

Tangi la wagonjwa

Kila mwenye akuaponiki awe na chombo cha pembeni: pipa la plastiki la lita 100 au 200 lisilowahi kubeba kemikali, jiwe la hewa lake, kimia chake na ndoo yake. Visichanganywe na vya mfumo. Kwa kuwa hakina kichujio, nusu ya maji ibadilishwe kila siku, na mgonjwa asilishwe au alishwe kidogo sana. Maji yake hayarudi kwenye mfumo kamwe, wala hayamwagwi kwenye mtaro unaoelekea mtoni.

Tiba ya kwanza humo ni chumvi ya kawaida. Kwa vimelea vya juu ya ngozi na matamvua, sato anawekwa kwenye gramu 10 kwa kila lita, yaani kilo 1 kwa lita 100, kwa dakika 10 hadi 30. Kwa kambale anza na nusu ya kipimo hicho. Usiondoke. Simama ukitazama, na samaki akianza kulala ubavu mtoe mara moja urudishe kwenye maji safi, hata kama zimepita dakika tatu tu. Maji safi yenye joto lile lile yawe tayari kabla hujaanza, maana tofauti ya ghafla ya joto nayo inaua.

Ugonjwa wa madoa meupe, ule unaofanya samaki aonekane kama amenyunyiziwa chembe za chumvi, unahitaji hila zaidi. Kimelea kinapokuwa kwenye doa kimejificha chini ya ngozi na dawa haikifikii. Kinaanguka, kinajibandika chini ya tangi, kinagawanyika kuwa mamia ya vitoto, na ni hivyo vitoto vinavyoogelea kutafuta samaki ndivyo vinavyouawa na dawa. Anayetibu siku moja na kuacha ametibu kizazi kimoja tu. Hamisha samaki wote kwenye tangi la wagonjwa lenye chumvi ya gramu 3 hadi 5 kwa lita kwa wiki nzima au zaidi, na uache mfumo uendelee kuzunguka bila samaki kwa siku kama 10 maji yakiwa na nyuzi joto 25 au zaidi. Vitoto visivyopata samaki vinakufa ndani ya siku chache. Wakati huo nyunyizia tangini chakula kidogo cha samaki kila siku kioze, ili bakteria wa kichujio wasife kwa kukosa amonia.

Vidonda vyekundu, tumbo kufura na magamba kusimama mara nyingi ni kazi ya aeromonasi, bakteria ambao wamo majini siku zote na hushambulia samaki aliyechoka au kujeruhiwa. Macho kutumbuka na samaki kuzunguka kama amepoteza mwelekeo, hasa miezi ya joto kali, ni dalili za bakteria waitwao streptokoki. Hapa vaa glavu: baadhi ya streptokoki wa samaki humwambukiza binadamu kupitia mkwaruzo wa mkononi. Magonjwa haya mawili ndiyo yanayowasukuma watu kununua tetrasaiklini ya kuku dukani na kuichanganya kwenye chakula kwa kukisia. Tafadhali usifanye hivyo. Antibayotiki itolewe na daktari wa mifugo baada ya kipimo cha maabara, samaki akiwa nje ya mfumo, na muda wa dawa kuisha mwilini uzingatiwe kabla ya kumuuza au kumla. Kloramfenikoli na rangi ya malakaiti zisiguse samaki wa kuliwa kwa hali yoyote.

Virusi havina dawa. Virusi vya sato viitwavyo TiLV, ambavyo watafiti waliripoti mwaka 2018 kuvigundua kwenye sampuli za Ziwa Victoria upande wa Tanzania na Uganda, vinaingia shambani kwa njia ya vifaranga vilivyonunuliwa bila kuuliza vinatoka wapi. Nunua kwa mzalishaji anayekubali kukuonyesha matangi yake. Kisha vifaranga vikae karantini wiki tatu kwenye lile pipa la pembeni kabla ya kuingia kwenye mfumo. Wiki tatu zinaonekana nyingi kwa mtu mwenye mteja anayesubiri, lakini mfumo ukishaambukizwa wote, kinachofuata ni kuua samaki, kuosha kila bomba na kuanza kukuza bakteria upya.

Hatari inayotoka juu, kwenye mboga

Jambo hili halipewi uzito unaostahili. Viuatilifu vya jamii ya sipamethrini, vinavyouzwa kila duka la pembejeo, ni sumu kali kwa samaki hata kwa matone. Ukipulizia vidukari kwenye sukuma wiki, kinachodondoka kinafika tangini pampu ikizunguka mara moja. Maji ya sabuni nayo yanaharibu matamvua, na mafuta ya mwarobaini si salama kwa samaki kama watu wanavyodhani kwa kuwa ni ya asili. Tumia chandarua, ondoa viwavi kwa mkono, au tumia kiuatilifu cha bakteria aina ya Bt ambacho hakidhuru samaki.

Chakula nacho kinachangia. Pumba na mashudu yaliyopata unyevu huota kuvu na kubeba sumukuvu, ambayo huharibu ini na kudhoofisha kinga ya samaki polepole bila alama ya nje. Hifadhi mfuko juu ya mbao, mahali pakavu. Idadi ya samaki ibaki chini ya kilo 20 kwa lita 1,000, na kwa anayeanza nusu ya hapo inatosha. Waliokufa kwa ugonjwa wafukiwe kwa chokaa. Kumpa kambale maiti ya sato ni kumhamishia maradhi.

Ukihitaji maabara

Ongea kwanza na afisa uvuvi au daktari wa mifugo wa halmashauri yako, akuelekeze sampuli ipelekwe wapi. Samaki anayefaa ni yule anayeumwa lakini bado yu hai, asafirishwe kwenye mfuko wenye maji na hewa. Ikishindikana, aliyekufa muda huo huo awekwe kwenye mfuko mkavu juu ya barafu, asigandishwe. Aliyekutwa ameshavimba na kunuka hasaidii kitu, kwa sababu bakteria wa kuoza wamekwisha kuwafunika waliomuua. Ambatanisha chupa safi ya maji ya tangi na karatasi yenye vipimo vya pH, amonia, nitriti na joto, tarehe samaki wa kwanza alipokufa, aina ya chakula, na kila kitu kilichowekwa kwenye maji au kupuliziwa mboga kwa mwezi mzima uliopita, hata kama ni jambo unaloona aibu kulitaja.