Barua ya jumuiya si risiti

Ijumaa iliyopita, saa 4 usiku, simu yangu iliita. Baba mmoja wa mtaani kwetu hapa Kimara, alikuwa anataka barua. Tangu ahamie nimemwona mara moja tu jumuiyani, yaani kwenye kikundi chetu cha familia jirani za Kikatoliki zinazosali pamoja. Mtoto anabatizwa mwezi ujao, paroko kamwambia alete barua ya jumuiya, na katibu ni mimi. "Katibu, nitajie tu jumla ninayodaiwa nikutumie kwenye simu, uniandikie." Aliongea kwa heshima zote.

Katika miaka 11 ya ukatibu nimeyasikia maneno hayo kwa wachumba, kwa wazazi, hata kwa wafiwa. Watu wanaamini jumuiya ni dirisha la malipo: toa hela, pokea karatasi. Nimechoka kulijibu hili kwa simu usiku.

Jamani, barua ile ni ushuhuda. Kanuni ya 868 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka pawepo tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Tumaini hilo lisipokuwepo kabisa, ubatizo unaahirishwa. Sasa paroko mwenye waamini wengi namna hii atajuaje yanayoendelea nyumbani kwako? Anatuuliza sisi tunaopita mlangoni kwako kila siku. Nikiandika "tunawafahamu, tunasali nao" na hata jina la mkeo silijui, nimesema uongo na kuugongea muhuri. Zaka yako ya miaka mitatu, hata ukiilipa yote kwa mkupuo, hainisaidii kukufahamu.

Tena zaka siyo ya kwetu. Zaka ni ya parokia, mchango wa jumuiya ni wa jumuiya, rambirambi ni ya mfiwa. Viongozi wenyewe tunayachanganya, tunasoma madeni yote mfululizo mwisho wa sala, na mtu anaondoka Injili imeshamtoka kichwani, kabaki na tarakimu.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni mazishi, na hapa wenye kosa ni sisi viongozi. Mara ngapi mmesikia mwenyekiti akisema, "Usipohudhuria, ukifa hatukuziki"? Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioasi dini, wazushi na waliojitenga, kama jambo hilo linajulikana wazi, waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Na hata hao, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, hawanyimwi. Mtoro wa jumuiya hayumo. Nimeisoma kanuni hiyo mbele ya viongozi wenzangu wa kanda, wakanyamaza, na wiki mbili baadaye mmoja wao akarudia tishio lilelile msibani, mjane anasikia. Tukiwatisha watu kwa jeneza, tusishangae wakija kwetu kama wanakwenda kukata bima.

Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua mwaka 1973 kwamba Kanisa la Afrika Mashariki lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo, na kulikazia tena mwaka 1976, hawakuwa wanatafuta wakusanya michango. Walitaka mtu akiamka asubuhi akute Kanisa liko kwa jirani.

Sisi tunakutana Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nyumba kwa nyumba, na tunasoma Injili kwa zile hatua saba za kulisikiliza Neno na kulisali pamoja. Wengi wanakimbiza hatua ya tatu, ya kurudia neno lililokugusa, mara tatu, polepole, kimya katikati. Mwaka mmoja tulisoma Mathayo 25. Mama mmoja anayeuza vitumbua, bado ana unga kwenye vidole, alirudia maneno mawili: "mkaja kunitazama." Kimya. "Mkaja kunitazama." Mara ya tatu sauti ikamkatika. Tulipofika kushirikishana akasema, "Yule mzee wa nyuma ya ukuta wangu, tangu Alhamisi sijamsikia akifungua mlango."

Hatua ya sita ni kuulizana tutende nini. Siku hiyo hatukuifikia kwa utaratibu. Tulitoka watu wanne, tukagonga, tukasukuma mlango. Mzee alikuwa sakafuni, midomo imekauka, anapumua. Tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali, na akapona.

Niliporudi nyumbani nilifungua daftari la mahudhurio. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mwandiko wangu. Alikuwa mlinzi wa usiku, Jumamosi saa 12:30 ndiyo kwanza anatoka lindoni, na mimi nilimwandika mtoro.

Hapo ndipo sina jibu mpaka leo. Mama lishe, dereva wa daladala, muuguzi wa zamu, mpangaji anayehamishwa kila baada ya miezi sita: tunawapimaje? Tulijaribu kukutana Jumapili jioni, wakaja watu watano. Tukahamishia kwenye kikundi cha WhatsApp, yakabaki matangazo ya misiba na namba za kutumia hela. Nimeacha kalamu nyekundu, lakini kuacha kumfuta mtu bado siyo kumfahamu.

Yule baba sijamwandikia barua na hela yake sijaipokea. Jioni ya Jumamosi nilikwenda kwake na mama wa vitumbua. Mkewe anaitwa nani sasa najua, na nimejua pia kwamba baba mwenyewe huingia kazini bandarini alfajiri, Jumamosi tatu kati ya nne. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Jumamosi hii hana zamu. Tunasali barazani kwake, mkeka ninao mimi, na mtoto awepo.